Sauti ya Pili

Binti yangu wanamwita Chiriku. Katika kundi lao la wasichana watatu, yeye huimba sauti ya pili, ile ya katikati. Mimi mshonaji wao naiona kama pindo la gauni: hakuna anayelisifu, ila likifumuka kila mtu analiona.

Mwaka huu alitoa wimbo wake peke yake, ukapendwa. Meneja wake akataka arekodi tena, safari hii wimbo wa kundi, na auongoze yeye. Wiki nzima nikamsikia chumbani akiupandisha juu, kwenye sauti ya kwanza, mishipa imemtoka shingoni.

Siku ya onyesho alifika ukumbini amechelewa. Nikambana gauni mgongoni kwa pini, maana amekonda.

"Fisi wa njia mbili kafika," alisema Dada Mkubwa, kiongozi wao, mwenye sauti ya kwanza.

"Nisamehe, Dada. Foleni."

"Foleni ya studio! Ukituharibia leo, usirudi. Shikamoo mama, usinichukie."

"Marahaba. Mimi nashona tu."

Chiriku akanishika mkono. Wake ulikuwa baridi kama bomba. "Mama, niombee. Bila hawa mimi si kitu. Na wimbo wangu nikiuacha, pia si kitu."

Nikaomba na pini mdomoni. Mungu anaelewa.

Wakaanza na wimbo uleule. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Kwenye kiitikio, koo lake likaenda lilikozoea. Akapanda juu. Sauti za kwanza zikawa mbili, zikagongana, na katikati pakabaki patupu. Dada Mkubwa akanyamaza. Watu walidhani ndivyo wimbo ulivyopangwa, wakashangilia: "Chiriku! Chiriku!" Niliuona uso wa binti yangu. Kila kofi walilopiga lilikuwa linamfukuza kundini.

Wakati wa mapumziko Dada Mkubwa hakufoka. Alimpokonya kipaza sauti taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Wamekuchagua. Nenda nao."

"Sikukusudia, Dada! Wallahi, nilijisahau!"

"Najua. Ndiyo maana siwezi kukungoja tena."

Wenzake wawili wakapanda jukwaani bila yeye. Simu ya Chiriku ikaita, meneja huyo. Akaiacha iite mpaka ikachoka. Akasogea nyuma ya pazia, mikono tumboni. Kiitikio kilipofika akaimba sauti yake ya pili, sawasawa, palepale katikati, machozi yakimdondoka.

Nilimsikia mimi tu, niliyekuwa nimepiga magoti nyuma yake, nachomoa pini.