Vipimo vya Jumatano

Walinikalisha upande wa shahidi. Mwanakhamis alikaa peke yake ng'ambo ya meza, mikono magotini, macho kwenye ripoti mbili zilizowekwa mbele yetu. Moja ilikuwa yake, nyingine yangu. Vipimo kumi na viwili vya asidi katika ripoti yake vilikuwa vilevile katika yangu, mpaka tarakimu ya mwisho.

"Cheryl, tunakuomba radhi kwa kukusumbua," alisema mwenyekiti wa kamati, Dkt. Jemima. "Tunataka kujua tu aliipataje kazi yako."

Hakuuliza nani alinakili. Aliuliza namna.

Ilikuwa mwishoni mwa Machi 2004, mwaka wetu wa pili wa kemia katika chuo kimoja cha Birmingham. Sote wawili tulikimbia mita mia nane. Kocha alikuwa ametufundisha miezi kumi na minane na bado aliniita Mwanakhamis, na mwenzangu akamwita Cheryl, ingawa mmoja wetu alikimbia na kitambaa kichwani. Tulikuwa Waafrika wawili tu katika timu, na macho yake hayakwenda mbali zaidi ya hapo. Kamati haikuwa na shida hiyo. Ilitutofautisha tangu mlangoni.

Jumatano alasiri chuo kilikuwa kinaacha masomo kwa ajili ya michezo. Wiki ya pili ya Machi kemia ilikosa nafasi nyingine, maabara ikapangwa Jumatano, tarehe kumi, siku ya mashindano. Mwanariadha aliyesafiri aliruhusiwa kutumia vipimo vya mwenzake kwa sharti moja: aandike ni vya nani. Mimi nilisafiri. Mwanakhamis, aliyenizidi kasi kwa sekunde mbili, alibaki maabara. Aliingia chuoni kwa mpango wa watoto wa shule za mitaa maskini ya katikati ya jiji, na mpango ulimtaka asishuke chini ya wastani wa sitini. Baba yangu ni wakili Nairobi. Ningeshuka, angelipa nirudie.

Kesho yake, Alhamisi, Mwanakhamis alinipa daftari lake la vipimo kwenye kantini.

"Chukua. Lakini uandike ni vyangu. Usije ukanitia mashakani, mwenzangu."

"Usijali, nita-acknowledge. Ni line moja tu."

Sikuuandika mstari huo.

Nusu saa kabla ya kikao tulisimama kwenye ujia, yeye ameegemea ukuta, mimi siwezi kutulia.

"Ulisahau?" aliuliza.

"Hapana. Nilikumbuka nikiwa njiani kuipeleka ripoti. Kulikuwa na foleni ya kompyuta."

Alicheka kidogo. "Foleni! Wallahi wewe."

"Umewaambia nini?"

"Sijawaambia kitu. Sisi kwetu mtu humsitiri mwenzake, hamvui nguo mbele za watu. Yako utayasema mwenyewe."

"Na wakikufukuza?"

"Kwani wewe huna mdomo?"

Sasa nilikuwa ndani, na mdomo ulikuwa mkavu. Jalada lake lilikuwa wazi mezani. Niliweza kusoma maneno machache kichwa chini: Lozells, mtaa wa kwao, alama alizoingia nazo, kazi ya mama yake, usafi hospitalini. Langu lilikuwa limefungwa. Dkt. Jemima alimwita "Khamis" kwa kifupi na kumwambia, kwa sauti ya upole, kwamba kamati inaelewa jinsi wanariadha wenye msingi dhaifu wanavyobanwa, lakini adhabu ya kosa hili ni kuondolewa chuoni. Akamuuliza kama ana la kusema. Mwanakhamis alinitazama mara moja, kisha akatazama meza. Mwalimu wa pili kwenye kamati akaandika kitu kifupi.

Viza yangu ilitegemea chuo. Nikiondolewa, ningepewa siku chache za kufunga mizigo. Nilijua pia kwamba nikinyamaza hakuna atakayeniuliza zaidi, kwa sababu jibu walikwisha kuwa nalo. Nililipima hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

"Usiogope," alisema Dkt. Jemima. "Sema tu."

"Vipimo ni vyake," nilisema. "Mimi sikuwa maabara. Daftari la mahudhurio analo Bwana Swaran, fundi wa maabara. Angalieni tarehe kumi."

Waliagiza daftari. Tulisubiri dakika kumi na moja. Lilipofika, mwalimu wa pili alishuka na kidole hadi mwisho wa ukurasa, akapanda tena, akalisukuma kwa mwenyekiti.

"Kwa nini hukutuambia?" Dkt. Jemima alimuuliza Mwanakhamis.

"Hamkuniuliza ni vya nani. Mliniuliza nimevipataje."

Kisha wakanigeukia. Nilikuwa nimejiandaa kwa neno walilomwandalia yeye. Dkt. Jemima alivua miwani.

"Safari, mashindano, ripoti yenyewe," alisema. "Ulisahau tu kuandika, sivyo?"

Ukweli mmoja nilikuwa nimeshausema, na nilidhani unatosha. Mwanakhamis alikuwa ananiangalia. Alijua habari ya foleni.

"Ndiyo," nilisema. "Nilisahau."

Mwanakhamis alirudisha macho kwenye ripoti mbili.

Nilipewa barua ya onyo, mistari minne, na ruhusa ya kuandika ripoti upya. Yeye aliambiwa yuko huru kwenda. Hakuna aliyemwomba radhi, nilikuwapo, nilisikiliza.

Nje alinyoosha mkono, nikampa barua. Aliisoma mara mbili, akanirudishia.

"Ingekuwa mimi," alisema, "wangeniuliza kama nilisahau?"

"Hapana."

Aliitikia kwa kichwa, bila hasira, akatazama saa, akaanza kukimbia kuelekea kituo cha basi. Mama yake alikuwa anaingia zamu saa kumi, na wadogo zake walihitaji mtu nyumbani.