Vigae vya Marehemu Ukutani

Nthatisi alipofika kutoka Maseru kwa wifi yake Malebona, hata salamu hakumaliza. Alisimama mbele ya ukuta wa bustani, mkono kiunoni, akakitazama kifuniko cha birika la bluu kilichokandikwa udongoni.

"Hiki si cha mama?"

"Ni chake," Malebona akajibu. "Vyote unavyoviona hapo ni vyake. Nimeviokota jalalani."

Vipande vya vikombe, sahani ya bati iliyotoboka, kioo cha chemli, miwani isiyo na mkono. Tangu mama mkwe azikwe, Malebona alikuwa akikanda udongo na samadi, anasiliba, anabandika, anachora mistari ya vidole kuvizunguka. Tangu aolewe, hicho ndicho kitu pekee alichoweza kukiita chake katika mji ule.

"Mjomba hajagawa vitu vya marehemu, wewe umeshavibandika? Vitoe. Kesho anakuja. Akivikuta hapo atagoma kugawa, na mablanketi ya mama tutayasikia harufu tu."

"Wifi, ni takataka. Mama mwenyewe alizitupa."

"Takataka za mama ni za mama. Au hujaolewa kwa Wasotho?"

Malebona akamgeukia mumewe. Mumewe akawa anakuna ndevu, anatazama milima. Mwanamume yule naye! Dada yake akifika tu, anakuwa bubu.

Basi akashika patasi. Udongo ulishakauka, kila kigae kikitoka kinaondoka na pande la ukuta. Kifuniko cha bluu kikapasuka mkononi mwake. Alilia kwa hasira, kamasi zikimtoka, wala hakujificha. Nthatisi alikaa kwenye kiti akimwelekeza: "Umesahau kile pale."

Asubuhi mjomba Seabata akashuka kwenye farasi, akauona ukuta uliojaa mashimo, akauliza kulikoni. Akaelezwa.

"Nani kasema mvitoe?" akauliza. "Mimi nagawa vinavyotumika. Kilichovunjika ni cha anayekifagia. Tangu lini nikapanda mlima kuja kugawa vigae?"

Mumewe Malebona akacheka kidogo. Hakuna aliyecheka naye. Nthatisi akaanza kumpangusa mjomba vumbi la koti.

Malebona akaingia bandani, akatoka na ndoo ya samadi mbichi, akaitua miguuni pa wifi yake.

"Vua pete, wifi," akasema. "Mablanketi utayapokea ukishamaliza kusiliba."