Ncha ya Pili ya Shuka

Barua ilifika Jumanne saa nne asubuhi, mkunjaji wa mashuka ya hospitali akiwa anavuta shuka la wodi ya wazazi kutoka kwenye msumari. Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja anashika pembe mbili, wanavuta mpaka litoe mlio, wanasogeleana, mikono inakutana katikati. Mkunjaji alikuwa na mwaka wa saba anakunja na msumari wa ukutani. Msumari hauji katikati. Safari yote alikuwa anaitembea yeye.

Barua haikuwa yake. Mke wake ndiye aliyekuwa anaitwa kwenye usaili. Aliomba ajira ya kudumu akiwa hai, akafanya kibarua hapo hapo dobi miaka tisa akisubiri jibu, halafu akafa. Alifia kwenye benchi la hospitali hiyo hiyo, maana kibarua hatibiwi bila sahihi ya mkubwa, na mkubwa alikuwa semina. Sahihi ilipatikana Jumatatu. Mwenyewe alishazikwa Jumapili.

"Ndio wamekumbuka leo," mkunjaji alisema, akaitia barua mfukoni.

Alhamisi mke wake alikuwa kwenye foleni ya ofisi ya utumishi tangu saa moja. Alivaa gauni lake la kutokea na viatu kavishika mkononi kwa sababu vilikuwa na udongo. Mlinzi wa mlangoni alimpa namba kumi na nne.

"Shemeji, umepungua."

"We acha tu. Wewe umenenepa, unakula mshahara wa nani?"

Mkunjaji alipoitwa kuleta shuka la kufanyia majaribio, alimkuta hapo, akaketi kando yake. Miaka saba alikuwa na mengi ya kumwambia. Alimwambia bomba la uani limetengenezwa.

"Umekula?" mke akauliza.

"Nimekula."

"Mwongo."

Mke akamweleza utaratibu. Kule nako kuna ofisi, nako kuna foleni. Walimpa ruhusa ya siku moja, ya usaili tu. Akipata barua ya kazi anabaki kwa muda ule ulioandikwa kwenye barua. Ikiwa ya kudumu, anabaki moja kwa moja, anarudi nyumbani kwake kama mtu mwingine yeyote.

Mkunjaji aliukunja na kuukunjua upindo wa lile shuka.

"Basi usiropoke. Wakikuuliza mambo ya miaka mitano ijayo, sema unataka kukua pamoja na taasisi. Mlinzi anasema wanalipenda sana hilo."

"Nikue niende wapi, baba?"

"Sema tu, mama. Nakuomba."

Ndani walikuwa watatu: mwenyekiti mwenye tai, afisa utumishi mwenye faili, na mmoja aliyekuwa kwenye simu tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwenyekiti ndiye yule aliyekuwa semina.

"Cheti cha kuzaliwa?" aliuliza afisa utumishi.

"Hiki hapa. Na cha kifo."

"Cha kifo hakihitajiki kwa nafasi hii." Akamrudishia. "Hapa naona pengo la miaka saba. Ulikuwa wapi?"

"Nilikufa."

Afisa akaandika: sababu za kifamilia.

Wakataka waone kazi. Mume akashika pembe mbili, mke mbili. Wakavuta, shuka likalia. Wakasogeleana. Mikono ya mke ilikuwa ya baridi, ila ilijua pa kushika. Alimwachia pembe, akainama kuokota mkunjo, wakasogeleana tena. Shuka liliisha mapema mno. Mkunjaji aliomba warudie, akasema upindo haukukaa sawa. Ulikuwa umekaa sawa. Wakarudia mara tatu, mpaka mwenyekiti akatazama saa.

"Swali la mwisho. Baada ya miaka mitano unajiona wapi?"

Mkunjaji aliangalia sakafu. Mke alilitafuta jibu alilofundishwa, hakuliona.

"Mara ya kwanza nilijaza kwenye fomu kwamba nitakuwa msimamizi wa dobi," alisema. "Nilikuwa na hamu nayo kweli. Siku hizi najiona natoka kazini saa kumi na huyu bwana. Tunafika nyumbani, navua viatu, yeye analalamika kuhusu ninyi, mimi nasikiliza. Kesho yake tunarudi kazini. Miaka mitano hivyo hivyo, na mitano mingine mkiona inafaa."

"Hilo si lengo la kazi," alisema mwenyekiti.

"Kwa mtu anayetoka ninakotoka, ni kazi kubwa."

Mwenyekiti akashukuru. Kushukuru wanajua sana.

Jibu lilibandikwa ubaoni saa tisa. Amefaulu. Ila nafasi za kudumu zimesitishwa hadi itakapotangazwa tena, hivyo atachukuliwa kibarua kwa miezi mitatu. Kila mkataba ukiisha atakaa nje siku moja ndipo apewe mwingine, isije ikahesabika kwamba amefanya kazi mfululizo.

"Kama zamani," alisema mke, akavaa viatu.

Sasa kila siku saa kumi wanatoka pamoja. Anavua viatu mlangoni. Mume analalamika, yeye anasikiliza, majirani wanasalimia. Miezi mitatu ikitimia, mume anamsindikiza makaburini asubuhi mapema, anamshikia mkoba mpaka ajilaze vizuri, kisha anawahi kazini, maana akichelewa wanamkata.

Siku hiyo anakunja na msumari. Saa nne afisa utumishi anamletea fomu ya kuomba upya, inayotakiwa irudi siku hiyo hiyo, na kwa kuwa mwombaji hayupo anaijaza mume. Alisoma kidogo, anaandika polepole, ulimi ukiwa nje. Jina, kazi, uzoefu. Chini kabisa kuna lile swali la miaka mitano na mistari miwili ya kujibia.

Kila mara anaandika: nyumbani. Analitazama neno hilo mpaka mashine ya kufulia inyamaze. Kisha analifuta kwa uangalifu, karatasi isichanike, anaandika kukua pamoja na taasisi, na anarudi kwenye msumari.