Faini ya Mwethya

Darasa letu la jioni hukutana katika ukumbi wa kanisa, nyuma ya soko la Mwingi. Wengi wetu tuna watoto waliokwisha kuoa. Mkikuyu ni mimi peke yangu, na Msomali ni Habiba, muuzaji wa maziwa ya ngamia. Wengine wote ni Wakamba. Mwalimu Mulinge hufundisha kwa Kiswahili, lakini Kalondu, kiongozi wa darasa, hutania kwa Kikamba, na ukumbi mzima hucheka. Mimi nilikuwa nikitabasamu kwa kuchelewa.

Niliachia shule darasa la sita, kwetu Murang'a. Kurudi kwangu masomoni kulitoka katika maombi, kwa hivyo hata upweke huu niliupeleka kwa Mungu. Nikasema: Baba, kama hapa si mahali pangu, nionyeshe.

Jumamosi moja, msimu wa mvua ukikaribia, nilikuwa nikifungua duka langu la vitambaa nilipowaona wanadarasa wenzangu wakipita na majembe mabegani. Hata Habiba alikuwa na sepetu.

"Mama Kim, umeamkaje!" Kalondu alipaza sauti.

Wakanipungia mkono, wakaenda zao. Hakuna aliyesema njoo.

Nikaona nimejibiwa. Jumatatu nilikwenda darasani kurudisha kitabu cha hesabu, niage, basi. Kabla sijafika kwa mwalimu, Kalondu alinizuia mlangoni.

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Dukani. Si mliniona?"

"Tulikuona! Tulikuwa tunaenda kuchimba matuta shambani kwangu, mvua isinibebee udongo. Tukakungoja mpaka chai ikapoa."

"Sikualikwa, Kalondu."

Waliokuwa ndani wakaangua kicheko. "Kualikwa!" Kalondu akasema. "Hii ni mwethya, kazi ya kusaidiana, mama, si harusi. Ukiona wenzako na majembe unafunga duka unafuata. Ulitaka tukubebe mgongoni? Na kilo zote hizo?"

Nilikibana kitabu kifuani.

"Asiyekuja hutozwa faini," Kalondu akaendelea, bila huruma. "Utatupikia chai wiki nzima. Na maji uchote mwenyewe."

Machozi yalikuwa karibu. Habiba akanivuta kando.

"Usilie, dada. Mimi nilitozwa mwaka jana. Nilisonga ugali mpaka mikono ikavimba." Alicheka. "Lakini fikiria: umewahi kuona mgeni akitozwa faini?"

Nilisimama pale nikiomba kimoyomoyo. Baba, nisamehe. Niliuliza swali, nikalijibu mwenyewe.

Kitabu nikakirudisha mkobani, nikachukua mtungi.

Chai niliipika kwa tangawizi nyingi, kama ya kwetu. Kalondu alionja, akakunja uso, akasema jambo kwa Kikamba. Wote wakacheka.

"Anasemaje?" niliuliza, kwa mara ya kwanza tangu nijiunge.

"Anasema chai yako inaweza kuchimba matuta peke yake," Habiba akanitafsiria.

"Mwambie Jumamosi nitakuja nayo."

"Na jembe unalo?" Kalondu akadakia.

"Sina."

"Utapewa la mama mkwe wangu. Lina mpini mfupi na maneno mengi kama mwenyewe, mtaelewana."