Muhuri wa Karani

Saa kumi kamili, muda wa kutazama wagonjwa, muuguzi alifungua mlango wa wodi na kuweka daftari la wageni mezani. Fundi Saa alilazwa kitanda cha tatu, na hiyo ilikuwa siku ya tatu tangu apandikizwe kipande cha ini la mkewe. Macho yake yalikuwa yameanza kupoteza umanjano. Wa kwanza kuingia alikuwa mama mkwe wake, aliyefariki miaka kumi na moja iliyopita. Viatu alivishika mkononi, maana mguu wa kushoto ulikuwa umevimba.

Nyuma ya mama mkwe walifuata mama yake mzazi na mdogo wake wa mwisho, marehemu pia, nao wameshika viatu.

"Wageni wawili tu kwa kitanda," muuguzi alisema. Mdogo mtu akarudi nje kungoja zamu.

Kwenye safu ya uhusiano na mgonjwa, mama mkwe aliandika: damu.

"Shikamoo mama," Fundi alisema, akivuta shuka kufunika kifua.

"Marahaba, mwanangu. Usijisumbue. Ukwe umekwisha, sasa umebeba ini letu."

"Basi mke wangu amekuwa dada yangu?"

"Hayo mtajuana wenyewe." Akaketi upande wa kulia, usawa wa mbavu, akatulia kama mtu aliyewahi kwenye miadi.

Mkewe aliletwa kwa kiti cha magurudumu kutoka wodi ya wanawake. Alimwamkia mama yake, kisha akautazama ule mguu.

"Ulikufa ghafla, wakatuambia umeteleza bafuni."

"Niliwaagiza mimi. Damu yetu huganda ovyo mishipani, mwanangu. Ingejulikana, nani angekuoa?"

"Huyu angenioa."

Fundi aliitikia kwa kichwa.

Daktari, kijana aliyemaliza masomo mwaka ule, aliwakuta wote, akawasalimia na kuwasikiliza hadi mwisho. Ini ndilo linalotengeneza vitu vya kugandisha damu, na likihamishwa huhama na tabia za ukoo wake. Ini jipya lilitegemea mshipa mmoja mwembamba. Dawa ya kuzuia damu kuganda ilikuwepo, lakini ukiitoa nyingi bila kipimo cha urithi, mshono ungeweza kuvuja damu.

Alifungua faili la mke. Mbele ya maneno "magonjwa ya ukoo" palikuwa na muhuri: HAKUNA. Kwa miaka mingi kila aliyeulizwa alijibu hivyo, basi karani akachongesha muhuri ili foleni iende. Maabara nayo ilipima urithi wa wale tu walioandikiwa ndiyo.

"Faili linasema hakuna," maabara walijibu kwenye simu.

"Ninao hapa watatu."

"Vyeti vyao vya kifo vinasemaje?"

Daktari alimgeukia mama mkwe.

"Kuteleza," alijibu, akiangalia sakafu.

Daktari aliandika ombi mara nne, na mara nne likarudishwa. Siku ya tano mama mkwe alihamia kitandani, akaweka kiganja juu ya mshono. Siku ya sita mshipa uliziba. Fundi aliinuka, akatoa viatu vyake chini ya kitanda, akajaribu cha kushoto. Hakikuingia. Akavishika mkononi, akasaini daftari mahali pa kutokea.

Wiki mbili baadaye mkewe alirudi pale na binti yao wa pekee, aliyekuwa akilalamika kwamba mguu unamuuma. Mama alitaka binti apimwe urithi huo mapema. Usiku kucha alikuwa amejifunza namna ya kuyasema bila kulia.

"Ukoo una ugonjwa wowote?" karani aliuliza.

Mama alivuta pumzi. Kabla hajaitoa, muhuri ulikuwa umegongwa.

"Anayefuata."

Fundi, aliyekuja nao viatu mkononi, alisogea karibu na binti yake, upande wa ule mguu, kuwapisha watu wa foleni.