Anayekata Huchukua Mwisho

Jana usiku nililala nimechoka kuamua ugomvi wa chapati kati ya wanangu, Semeni na Tabu, nikaota nimeitwa kwenye mkutano wa dunia kuhusu ugonjwa uliosambaa nchi zote.

Mwaliko niliupata kwa friji letu. Lilifungua mlango lenyewe, likakohoa kidogo, likasema, "Mama Semeni, unahitajika ndani. Vaa barakoa." Nikavaa. Mtu akiitwa kazini haulizi sana.

Ndani kulikuwa na ukumbi wenye zulia la bluu. Mwenyekiti alikuwa kiti, kile cha plastiki cha kukodi kwenye shughuli, mguu mmoja una ufa. Katikati ya ukumbi lilikaa kasha la chanjo. Pembeni, kwenye benchi la kliniki yetu, alikaa mama yangu, Bi Zamoyoni, miaka sabini na minne, ana kisukari. Mwezi huu nimempeleka kuchanjwa mara tatu, na mara tatu tumeambiwa chanjo imekwisha, turudi Alhamisi. Kwa hiyo sikushangaa kumkuta. Nilishangaa tu kwamba benchi lake lilikuwa nje ya zulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wameshafika kwetu?"

"Bado."

"Basi nasubiri. Makalio yameshakufa ganzi, lakini nasubiri."

Nchi zote zimepanga foleni. Natafuta mwisho wake nimsimamishe mama, siuoni. Napita nchi iliyovaa makoti matatu, napita nchi yenye kisiwa kimoja mfukoni, natembea weee, mara niko tena kwenye makoti matatu. Foleni ni duara.

"Samahani, wa mwisho ni nani?"

"Hatuna wa mwisho," ilijibu nchi ya makoti. "Kila serikali imewaahidi watu wake kuwa wa kwanza. Tumeziheshimu ahadi zote."

"Na foleni inasogea?"

"Inazunguka."

"Nina nyuzi joto nne," kasha lilitangaza. "Nikifika nane nitakuwa nimeharibika, nimwageni."

Mwenyekiti akasoma azimio. Azimio lilieleza wasiwasi mkubwa. Wasiwasi ukaingia. Ulikuwa mkubwa kweli, ikabidi uiname mlangoni, na kwa kuwa hakuna aliyeutengea nafasi, ukaketi juu ya Mwenyekiti. Ufa ukaongezeka.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umealikwa kama mwangalizi. Ulivaa beji, ukawa unamenya karanga. Wajumbe walipokuwa wakibishana nani afunge mpaka upi, wenyewe ulipita chini ya mlango, ukaenda, ukarudi, bila pasi wala begi. Kisha ukaenda kuketi kwenye benchi la mama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kaa mbali, mita moja."

Ukakaa mita moja kamili. "Bibi una sukari?"

"Unaniuliza kama nani?"

"Kama jirani," ulisema, ukasogea shubiri moja.

"Nyuzi tano," likasema kasha.

Hapo ukumbi ukawa jiko langu. Hakuna aliyejali. Wajumbe waliendelea kuzunguka, safari hii wakiizunguka meza yangu. Juu ya meza nikaona kisu changu cha mpini mweusi.

"Jamani, lileteni hilo kasha. Tunakata."

Mikono yote ikanyooka kutaka kisu.

"Ila kwangu anayekata huchukua mwisho."

Mikono ikarudi mifukoni. Nchi ya makoti matatu ina mifuko tisa, na mikono yake ilitafuta yote.

"Hilo halimo kwenye kanuni," Mwenyekiti alisema kwa shida, Wasiwasi ukiwa bado juu yake.

"Limo kwenye jiko hili."

Nina stashahada ya ugavi na miaka kumi na moja ya kutunza stoo, lakini hilo sikufundishwa chuoni. Nilifundishwa na mama, muhogo mmoja, watoto sita. Anayejua atachukua mwisho hukata kwa jicho kali.

"Basi kata wewe," nchi zote zikasema pamoja. Lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana tangu mkutano uanze.

Nikamtazama mama. Kati yake na ugonjwa zilibaki shubiri mbili.

"Mama, nikikata mimi, wewe ndiye wa mwisho."

"Si kanuni yangu hiyo? Kata. Ila usikate huku unanitazama."

Nakata. Vipande vya barafu, kila kimoja na kichupa ndani, sawa kwa sawa, kila nchi na sahani yake. "Sita," linasema kasha. Nchi zinachukua, zinaondoka, duara linakatika. "Saba." Namaliza, na sahani tisa ni tupu: nane za nchi ndogondogo, ya tisa ya mama.

Mimi stoo yangu haijawahi kupungua. Nikaitazama nchi ya makoti matatu. Shavu moja lilikuwa limevimba.

"Fungua mdomo."

"Mm-mm."

"Nina watoto wawili wanaoficha chapati. Fungua."

Ikafungua. Mlikuwa na vipande tisa, mbali na kile chake cha mkononi.

"Ni akiba," ilisema. "Huenda nikaumwa mara kumi."

"Tema."

Ikatema. Nikagawa vinane kwanza. Ugonjwa ulikuwa umeshika pindo la kanga ya mama, unamtengenezea begani kama mkwe mwema. Kisha nikamkandamiza mama kipande cha tisa kwenye bega la kushoto.

"Saba na nukta tisa," likasema kasha, likajifunga.

Ugonjwa ukasimama, ukavua beji. "Nitarudi," ulisema bila kinyongo. "Nitakuwa na koti jingine."

"Nenda," niliujibu. "Na maganda yako uyafagie."

Niliamka kumekucha. Friji lilikuwa linanguruma kama kawaida. Mama alikuwa ameshaketi uani anachambua mchele, mkono mmoja ukikuna bega la kushoto.

"Shikamoo mama. Umeamkaje?"

"Marahaba. Salama, ila kuna mbu kaniuma usiku, tena ndani ya neti." Akanyoosha kiganja. Palikuwa na kipamba kidogo chenye tone la damu. "Nimekuta hiki begani. Mbu gani anaacha pamba?"

Nikakichukua. Kilikuwa bado baridi.

"Alhamisi tunakwenda kliniki vilevile," nikamwambia.

Kisha nikachukua ufagio nikaingia jikoni. Kwetu hakuna anayekula karanga. Chini ya meza maganda yalikuwa yametapakaa, na mengine yameelekea mlangoni.