Kikopo cha Mzee Ludovick

Mtaani kwetu Elerai mimi ndiye mtu wa kwanza kuichangia sayansi. Nasema wa kwanza, ingawa alinitangulia mjukuu wangu Princess, aliyechangia kwenye nepi bila kuombwa. Na jirani yangu Fransiska naye alinitangulia, maana mimi siku ile tumbo lilikuwa limegoma. Basi tuseme nilikuwa wa kwanza kati ya waliochelewa.

Ilikuwa miaka ile kila kitu kimekuwa ruksa. Maduka ya Levolosi, ambayo zamani yalikuwa yakiuza viberiti na foleni, yalijaa sabuni za kila rangi na redio zenye spika mbili. Mume wangu Ludovick alikuwa na duka huko, akiuza mafuta ya nywele ambayo yeye mwenyewe hakuwa na pa kuyapaka. Vitu viliingia nchini kutoka kila upande, na pamoja na vitu hivyo akaingia mtoto wetu Evaresta, na boksi la vikopo vyenye vifuniko vyekundu.

Evaresta ni mtoto wa marehemu mdogo wake Ludovick. Tulimchukua hajaota meno, nikamlea mgongoni. Alisoma mpaka walimu wakachoka, akapelekwa Ulaya, akarudi mtaalamu wa virusi. Mimi niliyeishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu, nilitangaza sokoni kote kwamba mwanangu ni daktari mkubwa. Kumbe virusi vyake ni vya kuharisha na kutapika, na vile vya ini vinavyomgeuza mtu macho yakawa ya njano. Alinieleza kwamba vinatoka kwa mtu kwa mlango wa nyuma, vinapanda mikononi au kwenye maji, halafu vinaingia kwa mwingine kwa mlango wa mbele.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo ulikuwa unasomea mavi," nikamwambia.

"Ndiyo, mama mkubwa. Na ada ulilipa wewe, kwa ndizi zako."

Mtoto niliyemlea mwenyewe ananishinda mdomo.

Lakini kazi yake haikuwa ya kuchekwa. Mvua zilizopita watoto wa mtaa waliharisha vibaya, na Fransiska alimzika wa mwisho wake. Evaresta alitaka kujua ni virusi gani na vinakaa kwa nani. Ndiyo maana alihitaji choo cha kila mtu wa nyumba, mgonjwa na mzima, kwa sababu mtu mzima anaweza kuvibeba bila kuugua, akawagawia watoto wakati anawamegea ndizi. Nyumba ikikosa kikopo kimoja haihesabiwi. Na wakubwa wake wa maabara walishamwambia kwamba Elerai wakisuasua mpaka mvua zije, utafiti utahamia mji mwingine, na yeye atahama nao. Nilikuwa nimemngoja miaka mingi. Sikutaka kumsindikiza stendi tena.

Sisi wanawake tulitoa. Fransiska alitoa, akaomba kikopo kingine cha kuwekea chumvi. Shida ilikuwa kwa wanaume, hasa wazee wetu waliotoka Kilimanjaro.

Mimi ni Mmeru, kwa hiyo niliyakuta haya kwa kuolewa. Wachaga wa zamani walikuwa na jambo lao: kijana akitoka jandoni alifundishwa kusema kwamba mwanaume haendi haja kubwa. Amezibwa. Hayo ni mambo ya wanawake na watoto. Basi wanaume wakawa wanajificha huko migombani, na wake zao wanajifanya hawajui. Mara ya kwanza kusikia nilicheka mpaka mama mkwe akanitoa jikoni. Enzi zetu hakuna aliyeamini tena, hata wenyewe waliokuwa wakisema, lakini Ludovick alilishikilia kama rozari. Kila asubuhi alikuwa akienda kukagua paa la choo. Paa lile lilikaguliwa kuliko daraja lolote la serikali.

Jumapili moja alikuwa uani akinywa mbege na wenzake, Mzee Hans na Mzee Eliamini. Evaresta akawapa shikamoo zao, akaeleza kazi yake kwa adabu, akampa kila mmoja kikopo. Ludovick alikigeuza kikopo mkononi kama anatafuta bei yake.

"Mwanangu," akasema, "hiki wape wenye matatizo hayo."

Hans na Eliamini wakacheka, wakarudisha vya kwao. Evaresta alivipanga kwenye boksi polepole, akaingia jikoni kunisaidia kumenya ndizi. Nilipotazama, alikuwa anatupa ndizi na kuweka maganda sufuriani.

Hapo nikatoka. Nilimwita Ludovick pembeni, nikamwambia mtoto wa marehemu atafungasha, na safari hii atakayekuwa amemfukuza ni baba yake mkubwa, kwa ajili ya kitu ambacho hata kuku wa nyumba hii wanakijua. Alikwenda migombani akasimama huko muda mrefu.

Kesho yake kikopo kilikuwa mezani, kimefungwa gazeti, kimejaa mpaka kwenye kifuniko. Evaresta alimkumbatia mzee mpaka kofia ikadondoka. Naye Ludovick alikibeba mwenyewe hadi kwa Hans na kwa Eliamini, wakione. Kufika wiki iliyofuata wanaume wa mtaa mzima walikuwa wametoa, na mimi nilimpikia mume wangu mtori siku ambayo haikuwa sikukuu.

Halafu Evaresta akarudi kutoka maabara. Ilikuwa Jumapili tena, na wazee walewale wako uani. Akamwomba baba yake mkubwa waongee pembeni. Ludovick, kwa jinsi alivyokuwa amevimba sifa, akamwambia aseme hapohapo.

"Baba mkubwa, kikopo chako kina virusi vya kuharisha."

Hans akaweka kata chini.

"Virusi vya ndama," Evaresta akaendelea. "Na majani yaliyotafunwa."

Nikageuka kulitazama zizi. Ndama wetu alikuwa ameharisha majuma yote yale, na mimi nilikuwa nikilaumu pumba.

Hans akaniuliza kwa upole kama mume wangu nimeshampa maji, au anywe na ng'ombe wenzake. Eliamini alijifunika uso kwa kofia, mabega yakawa yanaruka.

"Mimi nilisema tangu mwanzo sina," Ludovick akasema. "Mtoto analia, nikampa nilichopata."

Evaresta hakukasirika. Alichuchumaa mbele yake, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo akitaka kubebwa. Akasema wakubwa wake wameshauliza: kama amedanganywa nyumbani kwao, vikopo vya wengine vina uhakika gani? Kesho anarudi maabara. Akienda na kikopo cha kweli, kazi inabaki Elerai. Asipokuwa nacho, wanaipeleka kwingine, na yeye atakuwa anatuandikia barua. Akaweka kikopo kipya kwenye benchi.

"Sikulazimishi, baba."

"Mwanangu, kitu ambacho mtu hana, hana," Ludovick akasema, akatazama mlima.

Tukaachana na habari hiyo. Niliwaongezea wazee mbege. Eliamini akaanzisha habari za bei ya kahawa, na sisi sote tukashiriki kwa bidii ambayo kahawa haijawahi kuipata. Bei ilipotuishia, Hans akanigusa kiwiko. Kikopo hakikuwepo kwenye benchi. Ludovick naye hakuwepo.

Tukazunguka nyuma ya nyumba, mimi na Evaresta mbele, wazee wawili nyuma na kata zao mkononi. Mlango wa choo ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikagonga.

Ndani mtu akakohoa.

"Baba mkubwa," Evaresta akaita, sauti ikimtetemeka kwa kicheko, "ni wewe?"

"Hakuna mtu," Ludovick akajibu.